Ramani ina mabweni sita, chuoni yapo manne: niamini ipi?

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu katika chuo kimoja cha umma huku Mtwara. Tulipokuwa tunahamisha vitu kwenye stoo ya zamani tulikuta mzingo wa ramani za majengo, karatasi kama thelathini. Nyingine ni za bluu zenye mistari myeupe, nyingine zimegeuka njano na mistari yake ya zambarau inafifia. Ramani kubwa ya eneo zima inaonyesha mabweni sita, sisi tuna manne. Jengo la utawala halimo kabisa. Mkuu wa Chuo amenipa kazi ya kuandika historia ya ujenzi wa chuo, na papo hapo anasema bweni jipya lijengwe kwa kufuata ramani hizohizo ili tuokoe gharama. Nianzie wapi? Na je, ramani hizi zinaaminika?*

Marahaba mwalimu, na hongera. Mchwa wangewatangulia kwenye stoo hiyo, tusingekuwa na mazungumzo haya.

Nianze na la haraka. Acheni kuufungua mzingo kila anapokuja mgeni wa kuutazama. Karatasi iliyokaa imeviringishwa miaka mingi hupasuka ukiilazimisha kunyooka. Tafuta meza ndefu kwenye chumba kikavu kisichopigwa na jua, itandaze moja moja, uweke uzito mwepesi kwenye pembe zake, kisha piga picha. Simu nzuri inatosha kwa kuanzia, ilimradi uishike sambamba na karatasi na pembeni pawe na rula inayoonekana kwenye picha. Selotepu isiguse karatasi hizo, na anayeshauri muende kuzilamineti mwambieni ahsante, kisha msimsikilize. Za bluu zitengeni na za zambarau, maana hizi za zambarau zina kemikali zinazoendelea kutoka na kuharibu jirani zake. Na msizihifadhi zile za bluu kwenye chumba kilichopakwa chokaa mbichi. Rangi ile ya bluu ni ya chumvi za chuma, mbinu aliyoibuni John Herschel mwaka 1842, na chokaa huifuta.

Hizo za zambarau ni daiazo. Zilichapwa kwa mvuke wa amonia, na ofisi niliyoanzia kazi ilinuka hivyo mpaka mke wangu akawa anajua siku ambazo nimeshinda kwenye mashine. Daiazo zilichukua nafasi ya zile za bluu kadiri karne iliyopita ilivyosonga, kwa hiyo mzingo wenye aina zote mbili huenda umebeba vipindi viwili tofauti vya chuo chenu. Lakini zote mbili ni nakala. Mchoro wenyewe ulichorwa kwa wino kwenye karatasi ya kupenyeza mwanga, au kwenye kitambaa maalumu kilichopakwa wanga, ukabaki ofisi iliyouchora. Chuoni na kwa mkandarasi zilikwenda nakala tu.

Ndiyo maana nataka uanze kwa kutafuta kile ambacho hakikuchapwa: penseli, wino mwekundu, namba zilizokatwa na kuandikwa upya, alama ya vyema pembeni ya mlango. Hiyo ni mikono ya watu waliokuwa eneo la kazi. Nakala yenye madoa ya saruji na maandishi mekundu ina ushahidi zaidi kuliko nakala safi iliyolala kabatini, kwa sababu ile chafu ilitumika.

Sasa, kuaminika. Ramani inashuhudia kitu kimoja: kwamba tarehe fulani, mtu fulani alitaka jengo liwe hivi. Yaliyotokea baada ya hapo yapo ukutani, kwenye mafaili ya malipo na kwenye vichwa vya wazee. Kwa hiyo mabweni sita ya kwenye karatasi na manne ya kwenye mchanga hayagombani. Moja ni shabaha, la pili ni kilichopatikana, na historia unayotakiwa kuandika imekaa kati ya hayo mawili. Angalia kwanza kama yale mawili yasiyokuwepo yamechorwa kwa mstari mzima au kwa mstari wa vidoti. Wachoraji wetu walitumia mstari wa kukatikakatika kwa jengo la awamu inayofuata. Ukiuona huo, basi chuo kilipangwa kijengwe kwa awamu na fedha ikakatika njiani.

Hili ni jambo la kawaida mno kwenye vyuo vya umma, na likishakukaa kichwani utaanza kuona maajabu ya kampasi nyingi yakijieleza yenyewe. Kwa nini bwalo ni kubwa kuliko wanafunzi? Kwa nini kuna njia ya zege inayokwenda porini? Kwa nini tangi la maji limekaa mbali na kila kitu? Mpangaji alikwishaweka jiko, bwalo, umeme na maji kwa ukubwa wa chuo kizima, maana hivyo haviongezeki kirahisi, akaacha mabweni na madarasa yaje kidogokidogo. Kama kwenu ipo njia ya namna hiyo, tembea juu yake ukiwa na ramani mkononi. Sitashangaa ikiishia kwenye mlango wa bweni la tano.

Tarehe ya ramani itafute kwenye kisanduku cha maelezo, pembe ya chini kulia. Humo mna jina la mradi, namba ya mchoro, skeli, herufi za aliyechora na aliyekagua, na mara nyingi juu yake kuna kijedwali cha masahihisho: A, B, C, kila herufi na tarehe yake. Mchoro wenye sahihisho D umepita kwenye mabishano manne. Kama tarehe imeliwa na mende, nchi yenyewe itakusaidia. Pakiandikwa jina la Tanganyika likiwa na neno la Kiingereza "Territory", yaani nchi iliyo chini ya udhamini, ni kabla ya Desemba 1961. Tanganyika peke yake, ni kati ya hapo na Aprili 1964. Jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar lilidumu miezi michache tu, mpaka Oktoba 1964, kwa hiyo ukilikuta umebahatika kupata tarehe ya bure. Vilevile Jimbo la Kusini lilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo tukapata Mkoa wa Mtwara, na Lindi haikuwa mkoa peke yake hadi 1971. Mchoro wa Nachingwea au Kilwa unaosema Mkoa wa Mtwara ulichorwa kabla ya hapo. Nimewahi kumaliza ubishi wa wazee wawili kwa kisanduku kama hicho, ingawa aliyeshindwa hakufurahi.

Vipimo navyo ni saa. Tanzania ilihamia mita mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo ni futi na inchi. Na hapa kuna mtego uliowahi kuninasa mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetumwa kusini kupima chuo kimoja kwa ajili ya kuezua paa bovu na kuezeka upya. Nikakuta ramani ya zamani, nikafurahi kwamba sina haja ya kupanda juu na futi kamba. Nikaipima kwa rula ya skeli ya 1:100. Sikusoma kisanduku, ambacho kilisema robo ya nusu ya inchi kwa kila futi, yaani 1:96. Tofauti inaonekana ndogo, lakini jengo la mita 30 kwangu lilisoma mita 31 na robo. Zidisha na majengo saba. Bati zikaja nyingi, mbao za kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zikaja nyingi, na wakati huo saruji na bati ni vya kibali, watu wengine wanalala foleni kuvipata. Msimamizi wangu hakunigombeza mbele ya mafundi. Alinipa futi kamba na kuniambia nipande. Ndipo nilipojua kilichomtoa kanga manyoya. Kwa hiyo usipime juu ya ramani, na hasa usipime juu ya picha ya ramani. Soma namba zilizoandikwa, kisha kapime ukuta.

Kuhusu nani alijenga na kwa fedha ya nani, huko kusini kila kipindi kimeacha mkono wake, na ukizoea utautambua ukiwa bado barabarani.

Kabla ya yote kuna ule mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakaufuta mwaka 1951 baada ya kuzika humo pauni milioni 36 hivi, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Karanga hazikupatikana za maana, lakini mji wa Mtwara wenyewe ulipangwa kwa ajili ya mradi huo, ndiyo sababu ya barabara pana na mitaa iliyoachana mbali hivyo. Bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, mradi umeshakufa. Reli ya Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa uhuru. Majengo yaliyobaki serikali iliyarithi na kuyapa kazi nyingine, kwa hiyo ukikuta kwenye kampasi ya umma jengo la zamani lisilofanana na wenzake, lenye paa la mteremko mkali na vyumba vya ukubwa wa ofisi, usidhani lilijengwa liwe darasa.

Baada ya uhuru ikaja zama ya mpango mmoja kwa eneo zima. Kioo chake ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964 kwenye kampasi iliyosanifiwa na kampuni ya Uingereza ya Norman and Dawbarn, ambayo ilishasanifu pia chuo kikuu cha West Indies huko Jamaika. Ukiitazama noti ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2011, nyuma yake utaona Ukumbi wa Nkrumah. Wasanifu wa kizazi hicho waliamini kwamba jengo la nchi za joto linatakiwa kuwa jembamba, lenye baraza, likipitisha upepo kutoka upande hadi upande. Shule maalumu ya fikra hiyo ilianzishwa London mwaka 1954 chini ya msanifu Maxwell Fry, baadaye ikaongozwa na Otto Koenigsberger, na fikra yake ilienea kwa wasanifu waliofanya kazi nchi za joto. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana ndilo litakaloamua bweni lenu.

Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya 1967, vinaonekana kwenye ramani za vyuo kama karakana, mabanda ya mifugo na mashamba yaliyochorewa mipaka. Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aanze shule, likahitaji walimu kwa haraka, na haraka hiyo inaonekana pia: majengo ya aina moja yaliyorudiwarudiwa, ramani ileile Mtwara na Sumbawanga. Kuanzia 1975 kukaja vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden. Huko kwenu Masasi, Newala na Kilwa Masoko wanavyo, na baadhi ya vyuo hivyo nchini vilirithi majengo ya vituo vya mafunzo vijijini, kwa hiyo ramani yake ya kwanza huenda ina jina la kituo ambacho hakipo tena. Kisha Vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, na ukame wa saruji. Ukikuta awamu ya kwanza ya 1976 na awamu ya pili isiyokuwepo, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichunguza.

Jengo lenu la utawala lisilokuwemo kwenye ramani linaweza kuwa la zama ya baadaye, ya miradi. Hapo kila mfadhili huja na mchoro wake na bango lake. Chuo cha Ualimu Kitangali kilipata majengo mapya kwa fedha za Kanada. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa Lindi inatoka kwenye mradi wa elimu ya juu wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa nchi nzima. Na mengine mengi ya miaka ya karibuni yamejengwa kwa fosi akaunti, yaani chuo chenyewe kinanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo. Majengo ya fosi akaunti ndiyo yenye ramani ngumu zaidi kupatikana, amini usiamini. Ya 1965 ipo kwenye mzingo. Ya juzi ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya mhandisi ambaye amehamishwa.

Neno moja kuhusu mawe ya msingi, kwa kuwa najua utayakimbilia. Jiwe linasema siku ambayo mgeni rasmi alikuja. Mwenge wa Uhuru huweka jiwe la msingi kwenye jengo ambalo limeshafika linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, na kuna majengo yaliyofunguliwa rasmi wakati wanafunzi wamelala humo mihula mitatu. Andika tarehe ya jiwe, lakini iandike kama tarehe ya sherehe.

Ukutani kwenyewe tazama vitu vidogo. Upana wa ukuta: wa inchi tisa au wa inchi sita? Tofali lilifyatuliwa kwa saruji au ni jiwe la matumbawe lililochongwa na kuunganishwa kwa chokaa? Mfuniko wa chuma wa shimo la majitaka mara nyingi una jina la kiwanda kilichouyeyusha. Fremu za chuma za madirisha ya luva, kama bado zipo, hesabu vipande vyake na uvilinganishe na mwonekano wa pembeni kwenye mchoro. Panda darini utazame kenchi, huko ndiko ambako hakuna aliyepaka rangi. Na kama paa ni la asbesto, msilivunje wala kulikwangua kwa ajili ya historia. Litazameni kwa chini, kazi ya kulitoa ina wataalamu wake.

Wazee nao waulize kwa matukio, mwaka waache. Mpishi mstaafu anayekaa Chikongola hawezi kukwambia bwalo lilimalizika 1972 au 1975, lakini atajua kama ni kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, kabla ya askari kwenda Uganda, au wakati wapigania uhuru wa Msumbiji wangali Nachingwea. Mkubwa zaidi ya hapo atakumbuka kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952. Weka maelezo yake kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, ya Kimakonde yaandike kwa Kimakonde, tafsiri itafuata.

Nje ya chuo nenda sehemu tatu. Ofisi ya ardhi iulize ramani ya upimaji ya kiwanja chenu yenye namba ya usajili. Hiyo ina viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali, na ukiviingiza kwenye simu usishtuke chuo kikikaa kama mita 300 kutoka kilipo, kwa sababu upimaji wetu wa zamani ulitumia mfumo wa Arc 1960 na simu yako inatumia mwingine. Idara ya Upimaji na Ramani ina picha za anga za miaka ya nyuma, na picha moja ya anga yenye tarehe humaliza hoja ya jengo gani lilikuwepo na lipi halikuwepo kuliko mashahidi kumi. Ya tatu ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30, kwa hiyo karibu kila unachokitafuta kimeshafunguliwa. Nenda na namba za michoro yako, usiende na jina la chuo tu. Majina ya vyuo hubadilika, namba ya mchoro haibadiliki, na faili la barua lililo karibu nayo ndilo litakalokwambia kwa nini mabweni mawili yalikatwa. Wakala wa Majengo Tanzania, ulioanzishwa 2002, nao waulize mkoani, kwa kuwa sehemu ya kazi na makabati ya wizara ya ujenzi viliangukia kwao.

Sasa niseme na Mkuu wa Chuo kupitia kwako, na unaweza kumsomea sehemu hii kama ilivyo.

Mheshimiwa, kujenga bweni la tano kwa ramani ya miaka hamsini iliyopita hakutaokoa fedha. Nondo, saruji na viwango vya kukokotoa vimebadilika, idadi ya soketi chumbani imebadilika, mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu hayakuwemo kabisa, na kibali cha ujenzi cha manispaa kitataka michoro yenye mihuri ya mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa leo. Kuna pia suala la haki: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazilinda kazi za usanifu majengo, kwa hiyo kama ilichorwa na kampuni binafsi, mkataba wa wakati huo ndio unaoamua kama mnaweza kuirudia. Na lililo hatari kuliko yote ni wazo ambalo hulikuta kila penye ramani za zamani: kuongeza ghorofa juu ya bweni lililopo kwa kuwa karatasi inaonyesha msingi mpana. Msingi hauaminiwi kwenye karatasi. Unachimbuliwa, angalau mashimo mawili matatu ya uchunguzi, unapimwa kina na upana, na zege lake linajaribiwa. Huko pwani kuna zege lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni wenye chumvi, nondo zimevimba kutu ndani na juu rangi inang'aa.

Nimewahi kuona ramani ikionyesha shimo la majitaka upande wa kaskazini wa bwalo, safi kabisa, lenye vipimo. Lori la kokoto likapita upande wa mashariki, tairi la nyuma likazama. Wajenzi wa kwanza walikuwa wamekutana na mwamba wa matumbawe pale palipochorwa, wakahamisha shimo, wala hakuna aliyekumbuka kusahihisha mchoro. Baada ya siku hiyo sikuruhusu gari zito lipite kwenye kampasi ya zamani bila kwanza kutembea na fimbo ya chuma.

Lakini msizitupe ramani hizo mnapochora bweni jipya, kwa maana kuna kitu kimoja waliochora zamani walikijua kuliko wengi wanaochora leo. Chukua mshale wa kaskazini kwenye ramani ya eneo, uangalie mabweni yamelalaje. Nina hakika kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na ncha fupi ndizo zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni. Mtwara ipo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mwenu mara mbili, karibu 21 Februari na 20 Oktoba. Mwezi Juni, saa sita mchana, liko upande wa kaskazini kwa kimo cha kama nyuzi 56. Desemba liko kusini, karibu wima, nyuzi 77 hivi. Ukifanya hesabu, dirisha lenye kimo cha mita 1.5 likitaka kivuli saa sita mchana wa Juni, linahitaji upenu unaotokeza mita 1 upande wa kaskazini. Upande wa kusini sentimita 35 zinatosha Desemba. Sasa pima baraza za bweni la zamani. Ukikuta baraza iko kaskazini na nyuma kuna upenu mfupi, ujue aliyechora alikuwa na jedwali la jua mezani, na hilo liandike kwenye historia yako kwa herufi kubwa.

Upepo nao. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, Kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Bweni lenye chumba kimoja kwa upana, dirisha huku na matundu ya hewa kule barazani, linapata pepo zote mbili. Bweni la siku hizi lenye korido katikati na vyumba pande zote, ambalo linapendwa kwa kuwa linabana gharama ya paa, linamfungia mwanafunzi hewa ya jirani yake. Kwa Iringa sawa, kwa Mtwara ya Januari hapana. Na jambo ambalo linaniudhi kila nikisafiri: kung'oa luva na kuweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Luva hufunguka karibu dirisha zima. Ya kusukuma, kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, nusu ya tundu inabaki imezibwa daima. Chuo kinalipa fedha nyingi kupunguza hewa kwa nusu, kisha kinanunua feni.

Paa la bweni jipya lifungwe kwa kuzingatia vimbunga pia. Kenneth ilipita Cabo Delgado Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Hidaya ikaigusa pwani yenu Mei 2024. Kenchi zishikwe na nondo zilizotoka ndani ya linta, misumari peke yake haitoshi. Na kama kampasi iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida tangu enzi na enzi, wekeni mfereji wa paa tangu siku ya kwanza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 400 kwa mvua ya milimita 20 linawapa lita 8,000 kabla ya hasara ya njiani.

Kwa kazi yako ya historia, nisingeanza kuandika hata ukurasa mmoja sasa. Chukua ramani ya eneo zima, itoe nakala kubwa ya karatasi ya kawaida, uende nayo nje na penseli tatu. Jengo lililopo kama lilivyochorwa lipake rangi moja. Lililopo likiwa limehama, limepinduliwa au limefupishwa, rangi ya pili. Lililochorwa likakosekana, rangi ya tatu. Yasiyokuwemo kwenye ramani, kama hilo la utawala, yachore wewe mahali yalipo kwa kupima kutoka pembe za majengo mawili unayoyaamini. Kazi ya siku mbili, tatu kama jua kali. Kisha nitumie picha ya hiyo karatasi pamoja na picha za karibu za visanduku vyote vya maelezo, hasa cha mchoro wa bwalo, kama umo. Na kama njia ya zege ipo, ukiifuata mpaka mwisho, niambie umekuta nini kwenye nyasi.